Jina Kwenye Tangi, Vipuri Sokoni: Historia ya Pikipiki za Ubia Kasese na Bwera

Pikipiki zinazoegeshwa katika stegi, yaani vituo vya bodaboda, za Kasese, Kikorongo na Bwera, magharibi mwa Uganda, huwa na jina moja tu lililoandikwa kwenye tangi la mafuta, lakini nyingi kati yake zimetokana na viwanda viwili au zaidi ambavyo viliwahi kushirikiana, vikagawana michoro na mitambo, kisha vikatengana. Ushirikiano wa namna hiyo huitwa ubia, nao huja kwa sura mbili: ubia wa mtaji, ambapo kampuni mbili huunda ya tatu na kugawana hisa zake, na ubia wa ufundi, ambapo kampuni moja huiuzia nyingine haki ya kutumia usanifu wake kwa malipo na kwa muda maalumu. Tofauti hiyo huonekana kuwa ya wanasheria tu, hadi siku pistoni inapokwama au klachi inapoungua, kwa maana hapo ndipo mwenye chombo anapolazimika kujua kipuri chake, au spea kama kinavyoitwa na wengi, kilisanifiwa na nani, kinaundwa na nani hivi sasa, na ni nani aliyekinakili bila ruhusa.

Eneo hili lilianza kuhangaika na suala la vipuri muda mrefu kabla ya bodaboda. Reli ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya Kilembe, mgodi ulioendeshwa kwa mtaji wa Kanada pamoja na wa mashirika ya umma, yaani ubia kwa maana yake kamili, na shaba hiyo ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Treni iliyoondoka na shaba ndiyo iliyorudi na mashine na vipuri vyake. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitoa amri ya kuwafukuza Waasia katika muda wa siku 90, na kwa kuwa biashara ya vipuri nchini ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao, pengo lililofuata halikuwa la maduka peke yake bali pia la maarifa ya kuagiza: nani wa kuandikiwa barua ng'ambo, kwa namba ipi ya katalogi, na kwa utaratibu gani wa malipo. Uzalishaji wa shaba Kilembe nao ukadorora, wawekezaji wa Kanada wakaondoka, na kufikia mwaka 1982 uchimbaji ukawa umekoma. Ndiyo miaka ambayo neno magendo lilienea Uganda nzima, na kahawa ya milimani ikavushwa kwa siri hadi Zaire, nayo bidhaa zilizoadimika Uganda zikarudi kwa njia hizo hizo za miguu.

Ziko Katwe mbili katika historia hii, na zisichanganywe. Katwe ya Kampala ni mtaa wa wahunzi na wakerezaji, ambao katika miaka ya upungufu walijipatia sifa ya kuchonga vipuri visivyoagizika tena. Katwe ya Kasese ni ziwa la chumvi, na hapo kilijengwa katika miaka ya 1970, kwa teknolojia ya Ujerumani, kiwanda cha kusafisha chumvi ambacho hakikudumu baada ya kuwashwa, kwa sababu maji makali ya ziwa yaliyala mabomba yake. Mtambo ulikuwa mpya na walioujenga walikuwa wahandisi wenye sifa, lakini chuma chake hakikulingana na maji ya pale. Chumvi hiyo hiyo, inaposafirishwa kwa magunia juu ya baiskeli na pikipiki, huendelea kula rimu, spoku na cheni, kwa hiyo kipuri kinachodumu mwaka mzima mahali pengine huenda kisifikishe nusu ya muda huo hapa, hata kiwe halisi namna gani.

Kabla ya injini ilikuwapo baiskeli, nayo ilikuwa na somo lake. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilikuwa na desturi ya kutumia hesi zake yenyewe, yaani ile mistari inayozunguka skrubu na kuiwezesha kushika: wakati baiskeli nyingi za Kiingereza zilikuwa na mistari 24 kwa kila inchi katika kikombe kinachobeba ekseli ya pedali, Raleigh ilitumia mistari 26. Tofauti ya mistari miwili haionekani kwa jicho la haraka, lakini kikombe kisicho chake kikilazimishwa huharibu hesi za fremu nzima. Hata hivyo nchini India, Raleigh ilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha ubia kilichoitwa Sen-Raleigh, mjini Asansol, na huo ukawa miongoni mwa mifano ya mapema ya mtindo ambao baadaye ungeijaza Afrika Mashariki vyombo vya magurudumu mawili, wa jina la nchi moja juu ya kazi ya mikono ya nchi nyingine.

Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli, katika mpaka wa Busia miaka ya 1960, na jina lake latokana na tamko la Kiingereza la neno mpaka likirudiwa mara mbili. Pikipiki za kubebea abiria zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Zile za awali zilikuwa za Kijapani, na wengi walizifahamu kwa kuziona chini ya mabwana shamba, mapadri na wahudumu wa afya: Yamaha AG100, Suzuki na Honda za aina mbalimbali, imara na ghali, zikiwa na vipuri vilivyoagizwa kwa taasisi na si kwa soko la barabarani. Ili pikipiki iwe chombo cha riziki cha kijana asiye na mshahara, ilibidi ipatikane iliyo nafuu kununua na nafuu zaidi kutengeneza, na pikipiki hiyo ilitoka India.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya India ililegeza masharti yake na kuruhusu viwanda vya ndani kushirikiana na Wajapani katika kuunda pikipiki ndogo, na katika muda mfupi kampuni nne kubwa za Japani zikawa zimepata wenzi. Suzuki iliungana na kundi la TVS kuanzia mwaka 1982, Honda na Hero wakaunda Hero Honda mwaka 1984, Yamaha ikashirikiana na Escorts, na Kawasaki ikaingia mkataba wa ufundi na Bajaj, kampuni ya Pune iliyokuwa imejulikana kwa skuta ilizoziunda kwa leseni ya Piaggio ya Italia kuanzia mwaka 1960 hadi 1971. Sharti muhimu la ruhusa hiyo lilikuwa kwamba sehemu zinazotoka Japani zipungue hatua kwa hatua na nafasi yake ichukuliwe na sehemu za India. Sharti hilo lililenga kukuza viwanda, na lilivikuza, ila lilikuwa na matokeo ambayo muuza spea huyaelewa upesi kuliko mwanauchumi: pikipiki mbili za modeli moja, zilizotofautiana umri kwa miaka michache, zingeweza kuwa na kabureta au sumaku ya umeme kutoka kwa watengenezaji tofauti, bila ya jambo hilo kuandikwa popote kwenye tangi.

Katika ubia wote huo, uliogusa zaidi Kasese na Bwera ni ule wa Bajaj na Kawasaki. Ulizaa kwanza KB100 mwaka 1986, yenye injini ya mipigo miwili, ambayo huchoma mafuta yaliyochanganywa na oili, kisha mwaka 1991 ikaja 4S, ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa peke yake chini ya injini na ambayo hula petroli kidogo. Kutoka katika ukoo wa 4S ilitokea Boxer, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na majina yote mawili, Kawasaki na Bajaj. Huko India yenyewe wanunuzi waliihama baada ya muda si mrefu wakitafuta pikipiki za kasi na madaha, hasa baada ya Bajaj kutoa Pulsar mwaka 2001, lakini Afrika ilikuwa ikitafuta kitu kingine: kiti kirefu, keria imara, injini isiyochagua fundi. Kwa hiyo chombo kilichotupwa mkono nyumbani kwao kikawa mfalme ugenini, na kufikia muongo wa pili wa karne hii jina Boxer lilikuwa karibu sawa na neno pikipiki katika sehemu nyingi za Uganda.

Swali ambalo mtazamaji wa stegi za Kasese angeweza kuuliza ni kwa nini Bajaj na TVS zilitangulia, ilhali Hero Honda ndiyo iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za pikipiki India. Jibu limo katika karatasi za ubia. Honda, ambayo ilikuwa na masoko yake kote duniani, haikutaka mwenzi wake ashindane nayo ugenini, hivyo Hero Honda iliruhusiwa kuuza katika nchi chache tu, nyingi zikiwa jirani za India. Wenzi hao walitangaza kuachana Desemba 2010, na mara baada ya kuwa huru Hero ikaelekea Afrika, ikafika Kenya mwaka 2013. Bajaj, ambayo ubia wake ulikuwa wa ufundi na si wa mtaji, haikuwa na kamba fupi kiasi hicho. Kifungu kimoja cha mkataba uliosainiwa mbali na Rwenzori kiliamua ni vipuri vya nani vitakavyotundikwa kwenye misumari ya vibanda vya Bwera kwa muda wa miaka kumi na zaidi.

TVS na Suzuki waliachana mwaka 2001. Mara nyingi wenzi wanapoachana, hofu ya mwenye chombo ni kwamba vipuri vitakoma, kwa kuwa mmoja ataondoka na michoro na mwingine atabaki na mitambo. Kwa TVS haikuwa hivyo: kampuni ilikuwa imekwisha jenga ujuzi wake mjini Hosur, ikatoa Victor mwaka huo huo bila msaada wa Suzuki, na baadaye ikazipeleka Afrika pikipiki za Star na HLX ambazo ndizo mshindani mkuu wa Boxer hadi leo. Kampuni iliyoonekana kubaki mjane ilikuwa imekwisha kujua kupika.

Kutoka China hadithi ilikuja kinyume. Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976, ilisanifiwa kwa ajili ya nchi ambazo oili hubadilishwa kwa nadra: badala ya cheni ndogo inayozungusha kemu juu ya silinda, ambayo hulegea isipotunzwa, valvu zake husukumwa na fito za chuma kutoka chini. Usanifu huo mwepesi ulinakiliwa na viwanda vingi vya China katika miaka ya 1990, kwa bei ambayo Honda haikuweza kuifikia, na mwaka 2001 Honda ikaunda ubia na Sundiro, mmoja wa wale wale waliokuwa wakiunda nakala zake. Kwa mtu anayependa mstari ulionyooka kati ya kilicho halisi na kilicho feki, tukio hilo ni la kutatanisha, kwa sababu nakala ya jana iliamka asubuhi ikiwa ndugu wa damu. Haojue, kampuni nyingine ya China, nayo ina historia ndefu ya kushirikiana na Suzuki.

Fundi wa pikipiki hayajui majina ya mikataba hiyo, wala hana haja nayo, kwa kuwa anausoma urithi wake kwa vidole. Vipuri kwake ni vya koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa vile vinavyofuata vipimo vya dunia, na mfano wake bora ni beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayoliwezesha gurudumu kuzunguka: yenye namba 6301 ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje cha milimita 37 na unene wa milimita 12, iwe imetoka Japani, India au China, na itaingia katika chombo chochote kilichosanifiwa kwa namba hiyo. Cheni ya 428 vilevile ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini bila kujali jina la kampuni. Ukoo wa pili ni wa vile ambavyo ni mali ya usanifu mmoja, kama vile silinda na pistoni yake, sahani za klachi, kemu na gasketi, na humo ndimo ubia unapojitokeza, kwa sababu sehemu iliyochorwa na mwenzi mmoja na kuundwa na mwingine hufanana na ya ndugu yake kwa umbo lakini hutofautiana kwa sehemu ndogo ya milimita, na sehemu hiyo ndogo ndiyo inayokula oili.

Neno feki, kwa hakika, limebebeshwa mizigo mingi kuliko uwezo wake. Hutumika kwa kipuri kilichobandikwa jina la wizi, hutumika pia kwa kilichotengenezwa kihalali na kiwanda kingine chenye jina lake, na hata kwa kile cha kiwandani kilichochoka mapema kwa vumbi na mzigo wa ndizi. Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989, lina mamlaka ya kuzuia bidhaa zisizokidhi viwango, lakini pistoni ni kitu cha kutia mfukoni, na mpaka una vivuko vingi.

Mpaka huo unahitaji maelezo yake. Mpondwe, iliyo jirani na Bwera, hutazamana na Kasindi ng'ambo ya mto Lhubiriha, na watu wa pande zote mbili, Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kongo, huelewana kwa lugha zao za ndugu, huku Kiswahili kikiwa lugha ya soko. Kasindi pikipiki huitwa moto, neno lililotoka katika Kifaransa, na mgeni wa kutoka Unguja akiambiwa apande moto anastahili kusamehewa akisita. Uganda huendesha kushoto na Kongo kulia, jambo linaloyatatiza magari kwa sababu usukani wa upande mmoja haufai vizuri upande wa pili, lakini pikipiki ina usukani wa katikati, kwa hiyo ni chombo kisicho na utaifa na vipuri vyake huuzika kote kuwili bila kubadilishwa chochote. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao walianza zamani kusafiri wenyewe hadi Asia kuagiza bidhaa, huleta aina ambazo Kampala haikuzizoea, ilhali Bwera hupokea za Uganda kupitia maduka ya Kampala, hasa yale ya soko la Kisekka, na mito hiyo miwili ya bidhaa hukutana hapo darajani. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita na abiria wakazuiwa, utaratibu ambao haukuwa na nafasi kwa biashara inayobebwa mkononi. Mwaka uliofuata marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara ndani ya Kongo, ikiwemo ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni.

Hali ya kutegemea vipuri vya wenzi wawili si ya nchi maskini peke yake. Theluji haikosekani Kasese, kwa kuwa kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kimo katika safu ya Rwenzori inayousimamia mji, lakini ni theluji ya kuendewa kwa miguu. Marekani na Kanada, ambako theluji hufunika mashamba kwa miezi, hutumika pikipiki za theluji, yaani vyombo vyenye mkanda wa mpira nyuma na mbao za kuteleza mbele, na mwaka 2013 Yamaha ya Japani na Arctic Cat ya Minnesota walikubaliana kuunda kwa pamoja, fremu kutoka kwa mmoja na injini kutoka kwa mwingine. Miaka kumi baadaye, Juni 2023, Yamaha ilitangaza kwamba itaacha kabisa kuuza vyombo hivyo. Mwenye chombo kama hicho huko Minnesota ana ahadi ya kampuni mbili kuhusu vipuri, na mwenye Boxer wa Bwera ana vibanda kadhaa pamoja na fundi mwenye nyundo, na haiko wazi hata kidogo kwamba wa pili ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Katika Kasese chombo cha kutegemewa hakipimwi kwa namna kinavyochelewa kuharibika, kwa sababu kazi ya mlimani huharibu kila kitu, bali kwa saa zinazopita kati ya kuharibika na kurudi barabarani. Kwa kipimo hicho Honda imara inayosubiri kipuri cha wiki mbili hushindwa na pikipiki dhaifu inayotengenezwa kabla ya jua kutua.

Aprili 2017 Bajaj na Kawasaki walimaliza ushirikiano wao wa mauzo na huduma nchini India, baada ya zaidi ya miaka thelathini tangu waanze kushirikiana, na katika stegi za Bwera hakuna kilichobadilika. Injini ya Boxer ndogo iliendelea kuwa na kipenyo cha silinda cha milimita 53 na mwendo wa pistoni wa milimita 45, vipimo vinavyozaa zile sentimita za ujazo 99.27 zinazoitwa mia moja kwa kifupi. Silinda hiyo inapolika, fundi huipeleka kwenye mashine, ikachongwa kuta zake na kutiwa pistoni iliyozidi kwa robo ya milimita, na ikilika tena huchongwa hadi 53.50. Kipimo hicho hakimo kwenye tangi wala kwenye kadi ya usajili, na anayeinunua pikipiki hiyo mkononi hukijua siku silinda inapofunguliwa na pistoni kugeuzwa kusomwa namba iliyogongwa juu yake.